Mbegu Tatu Kwenye Kamba za Viatu

Katika uwanja wa ndege wa Guayaquil, nchini Ekuador, kabla hata ya mizigo kupimwa, kila abiria anayekwenda Visiwa vya Galapagos hupitisha mabegi yake mbele ya wakaguzi wa usalama wa viumbe. Nilisimama kwenye foleni hiyo nikiwa na utulivu wa mtu aliyejiandaa, kwa kuwa nilikuwa nimeacha nyuma matunda, karanga na chochote chenye mbegu, na vifaa vyangu vya kuzamia nilikuwa nimevisuuza na kuvianika mara mbili. Mkaguzi, mama wa makamo aliyevaa glavu nyembamba, alifungua begi la pili, akatoa viatu vyangu vya kutembelea porini, akavigeuza kutazama soli, akaridhika nazo. Kisha akavisogeza karibu na macho na kuanza kuvuta kamba, tundu moja baada ya jingine. Kwenye ulimi wa kiatu cha kushoto, pale ambapo kamba hujikunja, zilikuwa zimenasa mbegu tatu nyeusi zenye vijimiba, jamaa ya kile tunachokiita kishona nguo. Alizichomoa kwa kibano, akanionyesha kwenye kiganja bila kusema neno, akazitia katika mfuko mdogo, akalifunga begi langu kwa lakiri na kuliruhusu lipite.

Nimeanza na mbegu hizo kwa sababu kabla ya siku ile nilikuwa nimetumia miezi 14 kupanga safari nikiamini kwamba msafiri anayejali mazingira huonekana kwa vitu anavyochagua akifika: malazi gani, chupa gani ya maji, mafuta gani ya kujikinga na jua. Visiwa vile vina historia inayosema vingine. Viko karibu kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Ekuador, havijawahi kuungana na bara, na viumbe wake wengi hawapatikani popote pengine. Karibu kila balaa lililowapata lilishuka kutoka chomboni likiwa limebebwa na mtu. Mwaka 1959 mbuzi watatu waliachwa katika kisiwa cha Pinta, wakazaana hadi kufikia makumi ya maelfu na kukimaliza kisiwa majani yake. Kobe wa Pinta waliokuwa wamebakia hawakufua dafu. Dume mmoja aliyeonekana mwaka 1971, ambaye dunia ilimjua kwa jina la George Mpweke, aliishi uangalizini hadi Juni 2012, akafa bila kuacha mtoto, na aina yake ikaishia hapo. Mpera, mti ambao hakuna mtu angeushuku kwa lolote, umegeuka gugu linalofunika nyanda za juu. Kuna pia nzi mmoja mdogo, aliyegunduliwa katika viota vya chiriku wa Darwin mwaka 1997, ambaye mabuu wake hunyonya damu ya makinda hadi wengi wakafa. Hakuna kati ya hao aliyefika kwa nia mbaya ya mtu yeyote.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa, kwa kusema kweli, orodha ya wanyama. Nilichukua karatasi, nikaandika papa potwe, papa pingusi, kobe wakubwa, iguana wa baharini, pengwini, albatrosi, na mbele ya kila jina nikaweka kisiwa. Matokeo yake yalikuwa ratiba ya siku tisa iliyopita visiwa vinne na kuvuka bahari mara sita kwa boti za mwendo kasi, zile zinazosukumwa na injini mbili au tatu za nje na kuchukua takriban saa mbili kutoka kisiwa hadi kisiwa. Karatasini ratiba ile ilipendeza. Nilipohesabu mafuta yatakayochomwa, na asubuhi ambazo zingeishia kwenye gati nikiwa nimekumbatia begi na tumbo likichafuka, niliona kwamba nilikuwa nimepanga kusafiri, sikupanga kuona kitu. Nikaifuta nikabakiza visiwa viwili, Santa Cruz na San Cristóbal, na siku zikawa 16 badala ya tisa. Marafiki walinishangaa kwamba naongeza siku na kupunguza visiwa, lakini kwangu hesabu ilikuwa nyepesi: safari ya ndege ndiyo inayotoa hewa ya ukaa nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya safari kama hii, na ukishakubali kuilipa gharama hiyo mara moja, ni afadhali ukae. Wanaouza vyeti vya kufidia hewa ya ukaa watanisamehe. Nilinunua kimoja, na sikuwahi kuamini kwamba kimefuta chochote.

Msimu ulinichukulia muda mrefu zaidi kuuelewa, na hapa nawashauri wanaopanga wasiharakishe, kwa maana visiwa hivi viko juu ya mstari wa ikweta lakini maji yake hayafuati ikweta. Mkondo baridi wa Humboldt huja kutoka kusini. Mwingine, unaoitwa mkondo wa Cromwell, husafiri chini ya uso wa bahari kutoka magharibi, ukagonga visiwa na kupanda juu ukiwa na virutubisho vingi, na ndiyo sababu upande wa magharibi wa visiwa vya Isabela na Fernandina una maji baridi zaidi na uhai mwingi zaidi. Kati ya Januari na Mei maji huwa na joto, bahari hutulia na mvua hunyesha. Kuanzia Juni hadi Novemba hewa hupoa, ukungu mwembamba unaoitwa garúa hutanda, bahari huchafuka, na papo hapo papa potwe hupita kwa wingi kaskazini kabisa, katika visiwa vya Darwin na Wolf. Msimu mzuri kwa mtu anayeogopa baridi na mawimbi ndio msimu mbaya kwa mtu anayemtafuta potwe. Nilichagua Septemba, kwa sababu ya potwe.

Kisha nikaambiwa kwamba potwe mwenyewe sitamwona. Darwin na Wolf haziendeki kwa boti ya siku moja. Ni lazima ulale katika meli ya wazamiaji, yenye abiria wasiozidi 16, inayosafiri usiku kucha kufika huko, na watalii hawaruhusiwi kushuka nchi kavu. Mikondo ya pale ni mikali, na kampuni nyingi hutaka mzamiaji awe amepiga mbizi 50 au zaidi. Daftari langu lilikuwa na mbizi 31, karibu zote katika maji ya joto yaliyotulia. Wakala mmoja niliyekuwa nikiwasiliana naye, ambaye matangazo yake yalijaa picha za majani na neno "endelevu" katika kila aya, aliniambia nisijali, kwamba idadi ile ni "mapendekezo tu". Nilimuuliza maswali manne: je, meli ina kibali cha mamlaka ya hifadhi kwa njia ile, waongozaji ni wenyeji wenye leseni ya hifadhi, majitaka na taka huishia wapi, na chumba cha kutibu wazamiaji wenye vipovu vya naitrojeni mwilini kiko umbali gani kutoka Wolf kwa saa, si kwa kilomita? Alinijibu la kwanza. Matatu yaliyobaki yalijibiwa kwa picha nyingine za majani. Sikumlipa, ingawa nakiri kwamba kilichonirudisha nyuma zaidi ni lile swali la saa kuliko lile la taka.

Uamuzi wa kuacha kaskazini uliniuma, na uliniuma zaidi baada ya kujua kinachopatikana kule, kwa kuwa watafiti wameeleza kwamba maji ya Darwin na Wolf yana uzito mkubwa wa papa kwa eneo kuliko mahali popote palipowahi kupimwa. Hata lile tao maarufu la jiwe la kisiwa cha Darwin, ambalo wazamiaji walikuwa wakilipiga picha kwa miaka mingi, lilianguka Mei 2021 kwa mmomonyoko wa kawaida, na nilijikuta nikihuzunika kwa kukosa kuona kitu ambacho hakipo tena. Lakini kukaa nchi kavu kulikuwa na faida ambayo sikuitazamia. Karibu asilimia 97 ya ardhi ya visiwa ni hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1959, na wakazi wamebanwa katika sehemu ndogo iliyobaki. Ukilala katika nyumba ya mgeni ya mji wa Puerto Ayora, ukala pale na kuzamia na boti ya pale, fedha yako inapita mikononi mwa watu ambao ndio wenye sababu ya kukitunza kisiwa. Ada ya kuingia hifadhini, ambayo tarehe 1 Agosti 2024 ilipandishwa kutoka dola 100 hadi 200 kwa wageni wengi wa nje, niliilipa bila kinyongo. Nimesikia watu wakiilalamikia huku wakiwa wamelipa mara kumi ya kiasi hicho kwa tiketi ya ndege.

Kuhusu vifaa sina mengi. Barakoa, kompyuta ya kuzamia na boya la kujionyesha ni vyako mwenyewe, kwa sababu uso wako na usalama wako haviazimwi. Suti nene ya milimita saba, mitungi na risasi za mkandani, yaani vipande vizito vya kukusaidia kuzama, kodisha huko huko, kwa kuwa ukivibeba unaongeza uzito wa ndege na nafasi ya kuingiza vijidudu kutoka bahari nyingine. Badala ya kujipaka mafuta ya jua kila saa nilivaa fulana ya mikono mirefu majini. Lililobaki ni kusuuza, kukausha, na kukagua kila kitu chenye mshono, gundi ya kunasa au kamba, jambo ambalo mimi, kama nilivyosimulia, nililifanya nusunusu.

Siku ya nne tulikwenda Gordon Rocks, mashariki mwa Santa Cruz, ambapo ukingo wa kasoko ya volkeno iliyozama umebakiza miamba miwili juu ya maji. Wenyeji wanapaita mashine ya kufulia, na jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Kiongozi wetu, kijana mtaratibu aliyezaliwa kisiwani, alinitaka nijaribu uzito wangu pembeni mwa boti kabla ya kuzama. Mimi, kwa haya ya kuwachelewesha wengine, nikamwambia najua kipimo changu. Kipimo nilichokijua kilikuwa cha suti nyembamba. Kwa suti nene nilikisia, na kwa kuogopa kuelea juu kama kizibo nikaomba kilo mbili za ziada.

Nilizama kama jiwe. Katika kina cha mita 18 nilipita kwenye tabaka ambalo maji yalibadilika ghafla, yakaonekana kutetemeka kama hewa juu ya jiko, na kompyuta ikashuka hadi nyuzijoto 19. Pumzi ikanikaba, nikaanza kuvuta hewa harakaharaka. Mkondo ulinisukuma kwenye ukuta wa mwamba. Kule kushika mwamba kwa mkono wenye glavu, mahali palipo tupu, ni jambo ambalo kiongozi alikuwa ametueleza na kuturuhusu, maana bila hivyo mkondo ungetutawanya. Lakini mimi sikushika. Nilitua kwa magoti yote mawili, mapezi yakipiga nyuma yangu, juu ya viumbe wadogo wenye magamba walioshikamana na jiwe, na nilisikia, kupitia suti ya milimita saba, vitu vikivunjika. Samaki wadogo wakaja mara moja kula vilivyomwagika. Kiongozi alinishika mtungi, akanionyesha ishara ya kupumua polepole, akatoa risasi moja kutoka mkandani mwangu na kuitia mfukoni mwake. Nilipoinua kichwa, wenzangu walikuwa wakionyesha juu: papa pingusi sita walikuwa wamepita, nami niliona mikia miwili tu ikiyeyuka kwenye ukungu wa bluu. Kwenye dakika ya 24 hewa yangu ilifikia kipimo cha bar 60, tukapanda pamoja, tukasimama dakika tatu kwenye mita tano kama ilivyo kanuni, boya likiwa juu yetu.

Botini hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinisumbua zaidi. Nilikuwa nimekataa vijiti vya plastiki vya kunywea kwa muda wa mwaka mzima, na kwa dakika moja magoti yangu yalikuwa yamefanya uharibifu ambao hakuna kijiti kingeweza kuufanya mahali pale. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza afanye nini kwanza ili safari yake ya kuzamia isidhuru, sizungumzii hoteli. Namwambia atenge siku tatu katika maji yasiyo na mkondo, na suti ile ile atakayoivaa huko, ajifunze kusimama katikati ya maji bila kugusa chini wala kupiga mikono, na akishindwa aahirishe safari. Mwenyewe niliomba mbizi mbili zilizofuata zifanyike sehemu ya kina kifupi yenye maji yaliyotulia, nikifanya zoezi hilo tu. Kasa mmoja alitupita akila mwani, akinitazama kwa jicho moja jinsi ninavyohangaika kutulia.

Kosa jingine lilizuiwa kabla halijatokea, na lilikuwa la mpangilio wa siku. Katika ratiba yangu niliweka mbizi asubuhi na kobe mchana, bila kufikiri kwamba kobe wa Santa Cruz wako nyanda za juu, mamia ya mita juu ya usawa wa bahari, na kwamba mwili uliotoka kuzamia ukiwa bado na naitrojeni iliyoyeyuka haupaswi kupandishwa mlimani wala kuingizwa ndani ya ndege mapema. Mwendesha boti alitazama karatasi yangu, akacheka, akachora mshale: milima kwanza, bahari baadaye, na siku nzima ya mwisho kabla ya ndege bila mbizi. Mashirika ya usalama wa wazamiaji hushauri kusubiri angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudiarudia. Yeye alisema 24, nami sikubishana. Ningejua mapema, ningeipanga safari yote kuanzia siku ya mwisho nikirudi nyuma.

Wanyama wenyewe hawakuhitaji kutafutwa sana. Kanuni ya hifadhi ni kukaa umbali wa mita mbili, na ugumu wake ni kwamba wao hawajaisoma. Kwenye gati dogo la wavuvi la Puerto Ayora, simba bahari mmoja mnene alikuwa ameegemeza kidevu ukingoni mwa meza ya kukatia samaki kama mteja wa kila siku, nyuma yake wari watano wakisukumana, na mwanamke aliyekuwa akikata samaki aliwasogeza kwa kiwiko bila kuangalia. Watalii walikuwa wakikaribia kwa simu zao hatua baada ya hatua. Nilijifunza kwamba mita mbili ni jambo la kulilinda mwenyewe kwa kurudi nyuma, mara nyingine hadi ukaishiwa na njia, na kwamba picha nzuri hupatikana kwa mtu aliyekaa chini mahali pamoja nusu saa, mnyama akamsahau. Katika kisiwa cha North Seymour, ambako huwezi kutembea bila kiongozi mwenye leseni, kundi letu lilimsubiri ndege mwenye miguu ya bluu aliyekuwa amelalia mayai katikati kabisa ya njia. Kiongozi hakumfukuza, tulizunguka mmoja mmoja pale alipotuonyesha, na mzee mmoja aliyetaka kuokota kijiwe cha ukumbusho aliombwa, kwa upole, akirudishe mahali alipokitoa, si karibu na hapo.

Siku ya mwisho isiyo na mbizi, ambayo karatasi yangu ya kwanza ingeiita siku iliyopotea, nilitembea kilomita mbili na nusu hadi ufuo wa Tortuga Bay. Mlangoni mlinzi alinitaka niandike jina na saa ya kuingia daftarini. Mwisho wa ufuo, kwenye mawe meusi, iguana wa baharini walikuwa wamelaliana wakiota jua baada ya kula mwani kwenye maji baridi, na kila mara mmoja wao alipiga chafya, chumvi ikaruka puani kama ukungu na kumtua jirani yake kichwani bila huyo kujali. Katika miaka ya El Niño, maji yanapopata joto na mwani kufa, wengi wao hufa kwa njaa, na watafiti wamepima waliosalia wakakuta miili yao imefupika kwa urefu, mifupa pamoja, kisha ikarefuka tena chakula kiliporudi. Nilikaa pale hadi mlinzi alipopita akitutaka tuanze kurudi, kwa kuwa njia hufungwa jioni.

Daftari langu sasa lina mbizi 68, na zaidi ya 20 kati ya hizo nilizifanya katika maji baridi kwa makusudi. Sijaweka nafasi ya Wolf bado. Viatu ni vile vile, ila kamba nimebadilisha, nikaweka za mviringo zisizonasa kitu, na kila nikitoka porini nazichomoa zote na kuzitazama kwenye mwanga.